Mashine ya Baba Majani

Katika jengo lile, mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na asiyekuwa na mtoto aliitwa "dada" mpaka nywele zikaota mvi. Mke wa fundi bomba alikuwa njiani kuwa dada wa milele. Kisha siku moja watoto wa ghorofa ya juu walitumwa kuomba chumvi, na mama yao alipowauliza wameipata kwa nani, wakajibu, "Kwa Mama Majani." Hawakuwa na nia mbaya. Walisema walichokiona: sebule ya chini ilikuwa imejaa mimea ya vyungu hata mgeni akakosa pa kuweka goti. Jina likashika kama gundi. Fundi mwenyewe, ambaye hakuwahi kumwagilia hata jani moja, aliamka akajikuta ni Baba Majani.

"Ndiyo faida ya kuoa," aliwaambia majirani. "Mtu unapata watoto wengi, na hakuna hata mmoja anayeomba viatu."

Mkewe alicheka kuliko wote. Walikuwa wamesubiri mtoto miaka mingi, mpaka kusubiri kwenyewe kukaisha taratibu kama kipande cha sabuni, bila mtu kusema leo ndiyo mwisho. Baada ya hapo ndipo vyungu vilipoanza kuongezeka. Kulikuwa na kangaga lililoning'inia karibu na dirisha, lenye kupenda maji kama bata. Kulikuwa na mmea wa mpira, wa majani mapana yanayong'aa, uliokuwa umefika darini na kuanza kuinamisha kichwa. Asumini ilitambaa juu ya kamba, mirehani ilijaa makopo ya jikoni, mshubiri wa majani manene, usiopenda maji mengi, ulijificha kwenye rafu ya chini, na kwenye kila rafu, kila kiti kilichovunjika mguu, palikuwa na mmea fulani uliotoka kwenye kijiti cha kuomba kwa watu. Mama Majani hakumwagilia kwa ratiba. Alichovya kidole kwenye udongo, akakiacha humo kama daktari ashikaye mshipa, kisha akatoa hukumu.

"Huyu alikunywa jana. Huyu ananidanganya, juu amekauka, chini amelowa. Na wewe, mbona umenuna?"

Fundi alimsikia akiwa jikoni na akatikisa kichwa. Yeye na maji walikuwa na uhusiano mwingine. Tangu ujana kazi yake ilikuwa moja: kuyazuia maji yasitoke mahali yasipotakiwa. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na usemi wake, kwamba kazi isiyozibwa si kazi, ni ahadi. Fundi aliushika usemi huo kama mwingine ashikavyo dini. Kila kiungo alikizungushia tepu nyeupe, akakikaza, akakipaka silikoni, kisha akapitisha karatasi kavu kuona kama italowa. Mtaani walisema, akiziba Baba Majani hata shetani hapati pa kupita. Hakuwa fundi wa bei rahisi wala wa haraka, lakini hakuna nyumba aliyorudishwa kwa sababu ya tone.

Maradhi yaliingia kama mgeni mwenye adabu. Yalianza na uchovu, yakasogea kwenye magoti, yakapanda usoni. Mama Majani alianza kuketi kila baada ya chungu kimoja. Daktari wa pale mjini alichukua damu, akachukua tena, akasema ni ugonjwa wa damu yenyewe, na kwamba hospitali yake haina cha kuufanya. Ilibidi waende hospitali kubwa, safari ya kutwa nzima kwa basi, na wakae huko wiki nyingi. Ngapi, hakuna aliyethubutu kusema.

Mdogo wake Mama Majani, mshonaji katika kiwanda cha nguo upande wa pili wa mji, alikuja jioni hiyo hiyo. Alimkuta dadake kitandani na shemeji yake amesimama mlangoni, mikono inaning'inia.

"Dada, usiwaze nyumba," alisema. "Niachieni ufunguo. Kila nikitoka zamu nitapitia hapa niwanyweshe hawa wanao."

"Utaweza kweli? Kwako ni mbali."

"Nitaweza. Utaniandikia nani anywe nini."

Mama Majani alikuwa karibu kukubali. Fundi ndiye aliyesema, "Usihangaike, shemeji. Nitatengeneza mashine."

Wote wawili wakamtazama.

"Mashine ya nini?"

"Ya kuwamwagilia. Yenyewe, kwa wakati wake. Nyumba ifungwe, na wao wanywe."

Ukweli ni kwamba hakuwa na mashine kichwani. Alikuwa na kitu kingine. Siku zote hizo hospitalini, kila mtu alikuwa na la kumfanyia mkewe: mmoja alichoma sindano, mwingine alipima, shemeji alimsuka nywele na kumbadilisha nguo. Yeye alishika mkoba. Mwanamume aliyeweza kurudisha maji katika jengo zima alikuwa amegeuka kuwa msumari wa kutundikia mkoba. Sasa hapa palikuwa na jambo la maji, na maji yalikuwa yake.

Mama Majani alimtazama kwa muda, akayaona hayo yote, kama wake wanavyoyaona.

"Haya," alisema. "Basi mdogo wangu, pumzika. Nakuachia wewe, Baba Majani. Nikirudi niwakute. Sitaki kingine."

*

Siku zilizobaki kabla ya safari zilikuwa ndizo siku bora za mwaka ule mbaya.

Mwanzo alifikiria ndoo juu ya kabati na mirija ya dripu, ile ile ya hospitalini, yenye kijigurudumu cha kupunguza matone. Alikwenda duka la dawa akaomba fungu zima.

"Mgonjwa ni nani?" muuzaji aliuliza.

"Kangaga."

"Nani?"

"Na wenzake. Ni wengi. Wanalazwa pamoja."

Muuzaji alimtazama kama mtu anayefikiria kumwita mlinzi, lakini alimpa.

Nyumbani Mama Majani aliketi kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, akawa mkaguzi wa kazi. Yeye ndiye aliyetoa vipimo. Fundi alimimina maji kwa kikombe cha chai, na mkewe akasema, "Huyo mpe nusu. Huyo kidogo, usimzamishe. Kangaga jaza, jaza tena, huyo ni mlevi." Fundi alikata mirija, akakiwekea kila chungu wa kwake, akazungusha vijigurudumu mpaka kila tone likawa na mwendo wake. Sebule ilianza kufanana na wodi.

"Umewalaza wanangu," Mama Majani alisema. "Nesi wao nani, wewe?"

"Mimi ni daktari bingwa."

"Daktari bingwa, mbona miguu yangu inalowa?"

Ililowa kweli. Fundi alikuwa ameongeza pampu ndogo ndani ya ndoo, kisha akaizima, na maji hayakujali kuzimwa. Ndoo ilikuwa juu, vyungu vilikuwa chini, na maji yakiisha kuupata mteremko hayaulizi ruhusa. Yaliendelea kujivuta yenyewe mpaka ndoo ikakauka na zulia likaelea. Mama Majani alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi alipiga deki huku akijitukana kwa sauti ili amchekeshe zaidi. Kisha alikaa chini sakafuni penye unyevu akafikiri. Dawa yake ilikuwa rahisi: chombo cha maji kikae chini kuliko vyungu, ili pampu ikinyamaza, maji nayo yanyamaze.

Ndoo ikaondoka, likaja pipa fupi la plastiki la bluu lenye mfuniko wa kukaza. Alilisimamisha kwenye kona ya sebule, na vyungu akavipandisha juu kidogo kuliko mdomo wake. Sasa alihitaji saa ya kuwasha na kuzima, na hilo lilikuwa nje ya elimu yake. Alivuka ukumbi akabisha mlango wa jirani, mtengenezaji wa redio na televisheni ambaye wote walimwita Waya kwa jinsi alivyokuwa mwembamba, na kwa jinsi nyumba yake ilivyokuwa.

Waya alikuja, akalitazama pipa, akatazama mirija inayotambaa ukutani.

"Kaka, hii ni bustani au unapika pombe?"

"Wewe sema unaweza au huwezi."

"Ninaweza. Ila umeme wetu unajua tabia yake. Ukikatika, saa inapotea, watoto wanalala njaa." Alikuna shingo. "Tutumie betri ya gari. Umeme ukiwepo, unaichaji. Usipokuwepo, betri inabeba. Na pampu hii yako tupa. Nitakupa ile ya kurusha maji kwenye kioo cha gari. Ndogo, lakini ina roho ya punda: ikisukuma mbele, hairudishi nyuma."

"Itanguruma?"

"Kidogo. Hata mimi nitaisikia nikiwa kwangu. Ikinyamaza nitajua imekufa."

Waliifunga pamoja. Alfajiri ya kwanza mume na mke waliamka mapema kuliko saa yenyewe, wakakaa kimya kama watu wanaongoja mwandamo. Pampu ikanguruma kule ndani ya pipa. Mirija ikajaa, mmoja baada ya mwingine, na matone yakaanza, ya kangaga haraka haraka, ya mshubiri moja moja kwa uvivu. Kisha ikazima, na hakuna tone lililozidi. Fundi alipitisha karatasi yake kavu chini ya kila kiungo. Ilibaki kavu. Siku zote hizo za majaribio mfuniko ulikuwa umelazwa tu juu ya pipa, maana kila mara alikuwa akiufunua kuchungulia maji yamepungua kiasi gani.

Mama Majani alichovya kidole kwenye udongo wa mpira, akakiacha humo. Akachovya kwa asumini. Alipita chungu kwa chungu akijishikiza ukutani, na mumewe nyuma yake kama mwanafunzi aliyepeleka daftari.

"Wamekunywa," alisema mwishowe. "Wote, na kila mmoja chake." Akamgeukia. "Baba Majani, kumbe ungekuwa baba kweli."

Neno hilo lilimwingia Fundi likakaa. Alijifanya anakaza kitu.

Asubuhi ya safari teksi ilifika mapema na dereva akaanza kupiga honi. Shemeji alikuwa akimsaidia Mama Majani kushuka kibarazani. Fundi alirudi ndani kutazama mara ya mwisho. Pipa lilikuwa limejaa hadi shingoni. Akawaza mbu. Maji yaliyosimama wiki nyingi katika nyumba iliyofungwa, na mgonjwa atakayerudi akiwa dhaifu. Mbu wangetaga humo, wangezaliana, wangemla akiwa kitandani. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa vifaa. Aliuzungushia mfuniko tepu nyeupe, akaukaza mpaka ukalia. Akapaka silikoni kuzunguka mdomo, akapaka pale waya wa pampu ulipoingilia, akapaka pale bomba la kupeleka maji kwenye mirija lilipotokea. Akalainisha kwa kidole, kwa upendo, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Ilikuwa kazi safi. Alifunga mlango wa nyumba, akatia ufunguo mfukoni.

"Niachie huo, shemeji," mdogo wa mkewe alisema kibarazani. "Hata kama ni kuchungulia tu."

"Kuchungulia nini? Mashine haihitaji mkunga."

*

Kila fundi bomba anajua kwamba maji hayatoki mpaka hewa iingie. Fundi mwenyewe alikuwa amelisema hilo katika nyumba za watu mara nyingi, akiwaonyesha wenye matangi ya darini kwa nini pana kitundu pale juu na kwa nini kisizibwe. Lakini lile la sebuleni hakuliona kuwa tangi. Lilikuwa ahadi yake kwa mkewe, na ahadi aliijua namna moja tu ya kuikamilisha.

Katika hospitali kubwa walipewa kitanda kando ya dirisha linalotazama ukuta. Mama Majani aliwekewa dripu. Alikuwa akiutazama ule mrija, anatafuta kijigurudumu, anakizungusha kwa macho.

"Hawa hawajui kupima," alimnong'oneza mumewe. "Wananipa kama mshubiri. Mimi ni kangaga."

"Niwaambie?"

"Waambie bingwa amesema."

Fundi alipata pa kulala kwenye nyumba ya jamaa wa wagonjwa, ukumbi wa mikeka ambako kila mtu alijua ugonjwa wa mwenzake kabla ya kujua jina lake. Mchana alikaa kando ya kitanda. Mazungumzo yalipoisha, na katika hospitali mazungumzo huisha upesi, waliongea habari za nyumbani. Kila alipompigia Waya simu aliiweka kwenye sauti kubwa ili mkewe asikie.

"Vipi, jirani? Inanguruma?"

"Inanguruma, kaka. Leo alfajiri nimeisikia kama kawaida. Siku hizi naamkia hiyo, nimeacha kutega saa."

"Umesikia?" Fundi alimwambia mkewe.

"Nimesikia. Msalimie Waya. Mwambie asiamshe wanangu kwa redio zake."

Alifumba macho akitabasamu, na kwa muda rangi ilionekana kama imerudi kidogo mashavuni. Nesi alisema mgonjwa mwenye furaha hutibika nusu. Fundi aliishika nusu hiyo.

Shemeji alipiga simu mara kwa mara. Wakati mmoja alisema, "Shemeji, mpe dereva wa basi ufunguo aniletee. Kuna joto kali huku wiki hii. Niende niwaone tu, nifungue hata dirisha."

"Mashine inanguruma, shemeji. Waya anaisikia."

"Kusikia si kuona."

"Mtoto akinyonya humsikii tu?"

Mama Majani aliyekuwa akisikiliza alisema taratibu, "Mpe huo ufunguo, baba. Kuna ubaya gani?"

"Huniamini?"

Alimtazama tena kwa ule utazamaji wake. "Nakuamini," alisema, na ufunguo ukabaki mfukoni.

Dirisha la sebule yao lilitazama ua wa karakana iliyofungwa zamani, na pazia lilikuwa zito. Hapakuwa na jicho la mtu yeyote la kupita hapo. Palikuwa na sikio la Waya tu, na sikio lile halikudanganya. Kila alfajiri pampu ilinguruma kweli.

Daktari aliwaita siku ambayo hawakutarajia kuitwa. Alikuwa kijana, na alizungumza akitazama kalamu yake. Alisema dawa zimefanya zilichoweza. Alisema damu haikuitikia. Alisema wengine hupenda kuwa nyumbani.

Fundi aliuliza, "Nyumbani mpaka lini?"

Kijana aligeuza kalamu. "Mpaka basi, mzee."

Mama Majani hakulia. Alikaa akikunja na kukunjua ncha ya shuka. Ndani ya basi, kichwa begani kwa mumewe, alisema jambo moja tu ambalo Fundi alilikumbuka baadaye kuliko maneno ya daktari.

"Usinilaze chumbani. Nilaze sebuleni, katikati yao."

"Sawa."

"Na kitanda kielekee kwa asumini. Itakuwa imechanua sasa."

"Sawa, mama."

*

Shemeji aliwapokea kituoni. Jioni ilikuwa haijaingia walipofika kwenye jengo. Waya alitoka kwake akiwa na bisibisi mkononi, akamsalimia mgonjwa kwa heshima nyingi mno, ile heshima ya watu wanaojua. Fundi alitafuta ufunguo. Alifikiri awaombe wangoje kidogo, aingie kwanza afungue pazia, lakini Mama Majani alikuwa tayari amesimama nyuma yake, amemwegemea mdogo wake, uso umeinuliwa kama mtu anayesikiliza wimbo unakuja.

Mlango ulifunguka. Kilichowapokea kilikuwa harufu ya nyasi kavu, ya ghala.

Shemeji ndiye aliyevuta pazia. Kangaga lilikuwa limebaki nywele za kahawia zinazoning'inia. Mpira ulikuwa umeangusha majani yake yote sakafuni, makubwa, yamejikunja kama ngozi za viatu, na mti wenyewe ukabaki fimbo iliyoinama chini ya dari. Asumini ilikuwa kamba juu ya kamba. Mirija ya dripu bado ilikuwa imechomekwa katika kila chungu, safi, tupu.

Mama Majani aliketi kwenye kiti cha mikono, au aliketishwa. Alinyoosha mkono, akashika jani la kangaga, nalo likawa unga. Akautazama unga ule kwenye vidole.

Shemeji alisema haraka, "Ni umeme huu, dada. Wiki ile ya joto ulikatika sana. Betri nayo itabeba mpaka lini?"

Waya alikuwa mlangoni. "Lakini nilikuwa naisikia," alisema. "Mama, wallahi nilikuwa naisikia. Kaka, kama ni saa yangu imekosea..."

Fundi alikuwa amekwisha kuliona pipa. Lilikuwa limenywea mbavuni, limebonyea kama kopo lililokanyagwa, na maji yalionekana kupitia plastiki ya bluu, juu, karibu na shingo. Yalikuwa yamepungua kiasi cha siku chache tu. Alielewa yote kwa mpigo mmoja, kuanzia tepu mpaka silikoni. Pampu ilikuwa imevuta mpaka pipa lisilo na pa kuingizia hewa likayang'ang'ania maji yake, na baada ya hapo kila alfajiri ilinguruma bure, punda anayekanyaga mahali pamoja.

Kulikuwa na njia ya kukwepa lawama. Umeme, saa, betri. Shemeji alikuwa ameifungua na Waya alikuwa tayari kubeba kosa. Fundi aliitazama njia hiyo, na kuikataa hakukuwa kwepesi kama watu wanavyodhani. Alikaa nayo mpaka Waya akaanza kuisogelea ile saa ukutani ili aikague.

"Acha," Fundi alisema. "Saa haina kosa."

Alichukua kisu kwenye mfuko wa vifaa, akapiga goti, akakipitisha kwenye silikoni kuzunguka mdomo wa pipa. Ilikuwa imeshika vizuri. Kisu kilipopenya, hewa iliingia kwa mlio mrefu, na ubavu wa pipa ukaruka nje kwa kishindo kilichomshtua shemeji.

Mama Majani alikuwa mke wa fundi bomba miaka mingi. Hakuhitaji maelezo.

"Uliziba," alisema.

"Niliziba."

"Kwa nini?"

"Mbu. Niliogopa mbu watakuuma ukirudi."

"Mbu." Alilirudia neno kama mtu anayepima uzito wa kitu kiganjani. Kicheko kikamtoka, kidogo, kikageuka kikohozi. "Mbu wangenywa nini kwangu, Baba Majani? Damu hii hii?"

Waya alirudi kwake taratibu akafunga mlango.

Walimtandikia godoro sebuleni, kwa sababu ndivyo alivyotaka, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza kama bado anataka. Fundi alipoanza kuondoa vyungu, mkewe alisema vikae. Alipouliza kitanda kielekee wapi, akasema popote.

Alfajiri pampu iliwaka. Hakuna aliyekumbuka kuizima, na sasa pipa lilikuwa wazi, hewa inaingia, kila kitu kiko sawasawa. Maji yalipanda ukutani. Kangaga lilipata yake, haraka haraka. Mpira ukapata, asumini ikapata, kila mmoja kwa kipimo chake kile kile kilichopimwa kwa kikombe cha chai. Udongo mkavu ulitoa sauti ukinywa. Fundi alisimama katikati ya sebule bila viatu, na kwa dakika hiyo mashine yake ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

"Zima," Mama Majani alisema kutoka godoroni.

"Inaisha sasa hivi yenyewe."

"Zima, mume wangu. Siwezi kuisikiliza."

Alichomoa waya.

Kulipopambazuka vizuri shemeji, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, alizunguka akitazama kila chungu. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya kiti, aliukuta mshubiri. Ulikuwa umesinyaa na kuwa mwekundu kwenye ncha, lakini alipoubonyeza, katikati bado palikuwa na ute.

"Dada, huyu yupo. Huyu hajaenda."

Mama Majani alijiinua kwa kiwiko. Fundi naye alikuja mbio kutoka jikoni, kikombe cha chai tayari mkononi, kile cha vipimo, amekijaza robo kama mshubiri unavyotaka. Alinyoosha mkono kuuelekea udongo.

"Mwache," mkewe alisema. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Fundi angejua pa kushika. "Mdogo wangu, mpe wewe."

Shemeji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akaenda jikoni akarudi na jagi.

Fundi alirudi nyuma hatua chache, kikombe chake mkononi. Shemeji alikuwa mshonaji, mwenye moyo mwema, aliyezoea kunywesha watoto na watu wazima wenye kiu. Akamimina. Maji yakafika ukingo wa chungu, yakatulia, yakazama, akamimina tena. Yakaanza kutoka chini ya chungu na kutambaa kwenye rafu. Mmea ule haukutaka hata theluthi ya hayo. Fundi alijua kiasi chake kwa tone. Alifungua mdomo aseme yatosha, akamwona mkewe anayatazama maji yanavyotiririka, macho yametulia, na hakusema.